Tundu Katikati ya Picha ya Mama Futi

Tangazo kwa wote wanaohusika na wasiohusika: hadithi ifuatayo ni ya kweli tupu. Imepimwa, ikakatwa na kushonwa na msimulizi asiyependelea upande wowote, asiye na undugu na mtu yeyote atakayetajwa humu, na ambaye siku ya tukio hakuwepo. Itazungumzia Sayansi, Hatima na Ubongo wa Binadamu. Wenye mioyo dhaifu wakae chini. Wenye mioyo migumu nao wakae, maana viti vipo.

Basi. Inahusu karatasi moja ya plastiki yenye tundu.

Karatasi hiyo ilikuwa ya Fundi, au tuseme ya mke wa Fundi. Fundi alishona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Alikuwa na cherehani mbili, moja ya kushonea na moja ya kutolea vipuri, meza ya kukatia yenye mguu uliofungwa kamba, na waya uliotundikwa mashati yakining'inia kama wanafunzi waliochelewa wanaosubiri adhabu. Mkewe alikaa kwenye kiti cha mlangoni, futi ya kupimia shingoni, na kwa sababu hiyo watu wote walimwita Mama Futi. Yeye ndiye aliyepima wateja, na hakuandika kitu. Fundi angeuliza akiwa ameinamia kitambaa, "Yule mtoto wa pili wa muuza mkaa?" na Mama Futi, akiendelea kuchambua mchele, angejibu, "Kifua ishirini na sita, mkono kumi na saba. Bega la kushoto limeshuka, usilifuate, atanyooka." Daftari la duka lile lilikuwa kichwa chake.

Uvimbe nao, kama mpangaji asiye na haya, haukutafuta pa kukaa penginepo. Uliingia ndani ya daftari. Madaktari wakaufungua mfupa, wakautoa, kisha wakamchoma mionzi siku thelathini, Jumapili wakipumzika wao na mashine. Hayo yalipita. Nywele zikaanza kurudi, upande mmoja kwanza. Mama Futi akarudi kwenye kiti chake, akasema kichwa sasa kina mlango wa mbele na wa nyuma, upepo utapita.

Hadithi inaanza siku shati liliporudishwa.

*

Mwenye shati alikuwa mama mmoja mpole, na upole wake ndio uliouma. Alimsimamisha mwanawe katikati ya chumba. Shati lilimfika mtoto magotini.

"Labda mmetaka akue nalo," alisema.

Fundi alicheka, kisha akaacha. Akamgeukia mkewe. "Mama Futi, huyu ulimpima ngapi?"

"Ishirini na..." Mama Futi alifumba macho. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukisugua ncha ya futi. "Ishirini na... nilikuambia, Fundi. Umesikia vibaya."

"Nimesikia vibaya," alisema Fundi haraka, akamvua mtoto shati. "Masikio yangu haya, cherehani imeyaua. Rudi kesho, mama, nitalifupisha, na kaptula nitamshonea bure."

Mgeni alipoondoka, Mama Futi aliendelea kukaa macho yakiwa yamefumbwa. "Kichwa kimeanza tena," alisema. "Asubuhi kinagonga kama mtu anayedai kodi."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ambayo sikukuambia."

Nyumbani wakati huo alikuwepo binti yao, aliyekuja kwa mapumziko mafupi ya katikati ya muhula. Alikuwa akisoma shule ya bweni, na kwa maneno makubwa aliyokuwa akirudi nayo kila likizo, baba yake alimbatiza Msomi. Msimulizi hana budi kusema, bila upendeleo wowote, kwamba alikuwa msichana mwerevu, mcheshi, mwenye adabu isiyo na mfano. Msomi alimletea mama yake maji, akamwambia kwamba maumivu ya kichwa yana sababu mia moja na themanini na mbili kitaalamu.

"Taja mbili," alisema mama yake.

"Kelele za cherehani na ndoa."

Mama Futi alicheka mpaka akajishika kichwa.

*

Mama Futi alipigwa picha mpya kwenye mashine ya sumaku, ile inayomeza mtu mpaka kiunoni na kunguruma. Mlangoni mhudumu alimwambia Fundi avue futi yake, maana naye huvaa moja shingoni, kwa kuwa ncha zake zina chuma. Fundi aliikunja akaishika mkononi, na bila futi akawa kama mtu aliyesimama hadharani bila shati.

Daktari alikuwa kijana mwenye viatu vilivyochoka. Aliibandika karatasi ya picha kwenye kisanduku cha taa. Karatasi moja, vichwa ishirini: kichwa kilekile cha Mama Futi kimekatwa matabaka, kuanzia shingoni hadi utosini, kama mkate.

"Hapa," alisema, akigusa tabaka la katikati. Palikuwa na doa jeupe linalong'aa, mduara usio kamili.

"Umerudi," alisema Mama Futi.

"Sijasema hivyo, mama."

"Basi sema."

Daktari alivuta kiti akakaa, jambo ambalo Fundi alijua si dalili nzuri. "Mionzi inaua uvimbe, lakini pia inaweza kuunguza ubongo wenye afya uliokuwa jirani. Ile sehemu iliyoungua inavimba, inauma, inasahaulisha, mkono unalegea. Na tukipiga picha, inang'aa. Uvimbe ukirudi nao unavimba, unauma, unasahaulisha, unang'aa. Kwenye picha hii ni kama pacha wawili waliovaa sare moja."

"Sare nazijua," alisema Fundi. "Pacha nao nimewashonea. Mmoja huwa na alama."

"Alama ipo. Kuna kipimo kinachoonyesha damu inavyoingia kwenye doa. Uvimbe hunywa damu nyingi, kidonda cha mionzi hakinywi. Mashine yetu haifanyi kipimo hicho. Inayofanya iko safari ya siku mbili, na foleni yake ni ya miezi mitatu." Aliinua kidole kabla Fundi hajafungua mdomo. "Lakini iko njia nyingine. Miezi mitatu iliyopita, baada ya mionzi, mlipiga picha. Nimesoma ripoti yake. Inasema, 'Kuna mng'ao mahali palipopasuliwa. Linganisha na picha zijazo.'"

"Sasa si ndiyo hii picha ijayo?"

"Ndiyo. Ila aliyeandika hakuandika ukubwa. Nahitaji picha yenyewe. Ikiwa doa lilikuwa hivihivi, la ukubwa huu, basi halikui, na tutasubiri kwa vidonge. Ikiwa lilikuwa dogo na sasa limenenepa, huo ni uvimbe, na hatuna muda. Picha mnayo?"

"Mke wangu alipewa nakala kwenye bahasha," alisema Fundi. "Na nyinyi je?"

Daktari alitazama viatu vyake. Kompyuta ya kuhifadhia picha ilikuwa imebadilishwa mwezi uliotangulia, akaeleza. Ya zamani iko masjala. Waulize huko, huenda.

*

Masjala mtu alikuwepo. Alimsikiliza Fundi hadi mwisho, akaitazama futi mkononi mwake, akauliza, "Wewe ni fundi?"

"Ni fundi."

"Suruali hii hunifika kisiginoni, naikanyaga. Nifupishie nikitafuta."

Fundi hakuwa na cherehani. Alikuwa na sindano, iliyochomwa kwenye ukosi wa shati lake, na uzi mweusi. Alipiga magoti kwenye sakafu ya masjala akashona pindo kwa mkono, mguu wa kulia na wa kushoto, huku mwenye suruali akibonyeza kompyuta kwa kidole kimoja na watu wa kwenye foleni wakichungulia. Mama Futi alikaa kwenye benchi akitazama pembeni. Mishono ilikuwa midogo, sawa, mizuri kuliko kazi iliyostahili.

"Picha za miezi ile hazikuhamia," alisema mtu wa masjala, akiinua mguu kujitazama. "Aisee, mkono unao."

*

Bahasha ilikuwa juu ya kabati. Fundi aliishusha kwa mikono miwili, akaipeleka dirishani, akaitoa karatasi nje, akainua.

Vichwa kumi na tisa vilimtazama. Mahali pa kile cha katikati palikuwa na tundu. Tundu duara, safi, lililokatwa na mtu anayejua kushika mkasi, na kupitia tundu hilo aliona kuku wa jirani akichakura.

Hapa msomaji lazima aelezwe jambo kuhusu mafundi. Kiolezo cha karatasi huchoka. Baada ya kola hamsini ukingo unalika, na kola zinaanza kutofautiana. Lakini picha za hospitali, zile za mbavu na miguu iliyovunjika, zimepigwa kwenye plastiki ngumu isiyopinda, na chaki juu yake hufutika. Kwa hiyo watu walimletea Fundi picha zao za zamani, na Fundi alizikatia violezo. Kola zote za mtaa ule zilichorwa kwa mapafu ya mtu fulani. Beji ya shule, ile ya kushonwa kwenye mfuko wa shati, ilikuwa duara.

Fundi aliliona tundu, akaona beji.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe nini?" aliuliza Mama Futi kutoka kitandani.

Fundi aliondoka na karatasi mkononi. Alikwenda chumba cha mbele, akalimwaga sanduku la violezo sakafuni. Kola, vifuniko vya mifuko, mikanda. Aliinua kimoja kimoja kwenye mwanga: ubavu, goti, ubavu, kiganja cha mtoto. Akapata kiolezo cha beji kilichojaa chaki. Akakiosha kwa sabuni, akakikausha kwa shati lake, akakiinua. Mbavu. Akakijaribu kwenye tundu, kikapwaya kidogo tu, kwa upana wa uzi.

"Basi nilikata kingine," alisema. "Siku zile baada ya mionzi nilikuwa sijielewi. Nilishona suruali yenye miguu miwili ya kushoto, unakumbuka? Nilikata, kikavunjika, nikatupa. Mkono una mazoea. Haukuniuliza."

Mama Futi alikuwa amesimama mlangoni, ameshika fremu. "Wakapasua wao, nikasema sawa, wamesomea," alisema. "Na wewe ukanikata kichwa! Cha beji! Angalau beji ya shule gani?"

Alitaka mumewe acheke. Fundi alikuwa amepiga magoti katikati ya mbavu za watu, na hakuweza.

"Msomi," alisema, "njoo unisaidie kutafuta. Macho yako ni mazima."

Msomi alikuja. Alitafuta kwa bidii kubwa, chini ya meza, nyuma ya cherehani ya vipuri, ndani ya kopo la vifungo. Hakuna mtoto aliyewahi kutafuta kitu kwa bidii kama ile. Keshoyake alirudi shuleni, mapumziko yakiwa yamekwisha.

*

Daktari aliigeuza karatasi yenye tundu mara mbili, kana kwamba kichwa kinachokosekana kingeonekana upande wa pili.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi," alisema Fundi.

"Kwa nini?"

"Mkono una mazoea, daktari."

Daktari alitazama tabaka la juu ya tundu na la chini yake. Huko uling'aa ukingo tu, kama mwanga wa chini ya mlango. "Ukingo unaniambia doa lilikuwepo, jambo ambalo nalijua. Hauniambii upana wake." Akaiweka karatasi chini. "Kwa hiyo nawaambieni ukweli. Ni nusu kwa nusu. Tunaweza kumpa vidonge vya kutuliza kuvimba, tungoje wiki nane, tupige picha nyingine. Kama ni kidonda cha mionzi, tutakuwa tumemwepusha na kisu. Kama ni uvimbe, tutakuwa tumeupa wiki nane. Au tunafungua sasa, tunatoa, tunajua. Lakini doa limekaa karibu na mahali pa maneno. Kufungua kuna bei yake, na sizungumzii pesa."

"Ningoje," alisema Mama Futi. "Kitambaa kikishakatwa hakiungiki kikawa kile."

"Na kama umerudi?" alisema Fundi.

"Utakuwa umerudi."

"Wiki nane, Mama Futi!"

"Fundi, kichwa ni changu."

"Na kosa ni langu." Alikuwa amesimama. Watu wa kwenye korido waligeuka. "Picha nimeipoteza mimi. Daktari angekuwa anajua sasa hivi, saa hii, kama si mkono wangu. Nikikaa nyumbani wiki nane nikikuangalia, na baadaye waseme ulikuwa unakua siku zote hizo... nitaishije? Niambie nitaishije."

Mama Futi alimtazama. Alikuwa amewapima watu maelfu, na huyu alimpima bila futi. Mkono wake wa kulia ulikuwa pajani, umelala kama glavu.

"Unataka wakate ili upate usingizi," alisema.

"Nataka upone."

"Haya." Alimgeukia daktari. "Mpe asaini. Mimi kalamu inaniponyoka."

*

Walimfungua siku ya Jumanne. Baada ya siku tisa majibu ya maabara yalirudi na daktari alikuja kitandani akitabasamu, mara ya kwanza tangu wamfahamu.

"Habari njema. Hakuna uvimbe. Chote tulichotoa ni kidonda cha mionzi, nyama iliyokufa. Hakijarudi kitu!"

Fundi alimshika mkono daktari kwa mikono yote miwili. Kisha akauliza, polepole, "Kwa hiyo tungengoja..."

"Hatukuwa na namna ya kujua," alisema daktari. "Usijisumbue na hilo."

Ni sawa na kumwambia mtu aliyelowa asisumbuke na maji.

Mama Futi aliitazama midomo yao wote wawili. Alimwonyesha mumewe kikombe. "Ile," alisema. Fundi akampa maji. Akaonyesha dirisha. "Ile." Fundi akafungua pazia. Akamgusa Fundi kifuani, akafungua mdomo, akauacha wazi, kisha machozi yakamtoka kwa hasira, maana alijua kabisa huyu ni nani, ila neno lilikuwa limehama na halikuacha anwani.

Walirudi nyumbani. Maneno mengine yalirejea moja moja, kama wateja waliosikia duka limefunguliwa. Fundi lilirudi. Maji lilirudi. Chai, kuku, mvua. Alianza tena kusoma, kidole juu ya neno, neno kwa neno. Nambari hazikurudi. Siku moja mteja aliingia na mtoto, na Mama Futi akasimama kwa mazoea, akaivua futi shingoni, akaizungusha kifuani mwa mtoto kwa ustadi uleule, akaishika pale kidole gumba kilipokutana na mstari. Akaisoma. Akaisoma tena. Mteja alingoja kwa heshima. Mtoto alipumua kidogo kidogo asiiharibu.

"Hapa," alisema Mama Futi hatimaye. "Ni hapa."

Fundi aliacha cherehani, akaja, akatazama chini ya kidole chake. "Ishirini na nane," alisema taratibu.

"Hapa," alisema Mama Futi.

Siku hiyohiyo Fundi alinunua daftari.

*

Siku ya kufunga shule, wazazi walijipanga mbele ya ofisi ya matroni. Matroni yule alikuwa mwanamke mpana mwenye kabati la chuma, na ndani ya kabati mlikaa vitu vyote vilivyonyang'anywa muhula mzima. Vilirudishwa mbele ya mzazi tu, baada ya dhambi kusomwa kwa sauti. Baba mmoja alikabidhiwa kitana cha umeme. Mwingine alikabidhiwa panya aliyekaushwa.

Ikafika zamu ya Fundi. Binti yake alisimama kando yake, akitazama ukuta.

"Tochi," alisoma matroni. "Wiki ya kwanza ya muhula, alfajiri, kabla ya kengele. Huyu aliingia chumba changu, akamulika ukutani picha ya zimwi lenye jicho moja jeupe, akaniita jina langu kwa sauti ya kiume. Mzee, mimi nina presha. Nilipita dirishani."

Wazazi waliokuwa nyuma walicheka. Fundi naye alianza kucheka, kwa adabu, akapokea tochi. Akaigeuza. Chini ya kioo palikuwa pamebandikwa, kwa gundi ya karatasi, duara la plastiki. Kipimo chake Fundi hakuhitaji futi kukijua.

Aliacha kucheka.

"Msomi," alisema.

Na yule binti mwerevu, mcheshi, mwenye adabu isiyo na mfano...

Sawa. Nimeshikwa.

Niliapa kwamba sina undugu na mtu humu. Ninao. Niliapa kwamba sikuwepo. Nilikuwepo, na mkasi nilioshika ulikuwa ule wa kukatia plastiki, maana kwetu hata mtoto anajua kwamba mkasi wa kitambaa haukati kitu kingine. Likizo ya kabla ya muhula huo mama alikuwa amelala, picha ilikuwa juu ya kabati, nami nilikuwa nimewaahidi wenzangu wa bweni zimwi. Vichwa vilikuwa ishirini. Ningeweza kuchukua cha shingoni au cha utosini, na hakuna ambaye angeumia kwa hilo. Nilichagua cha katikati kwa sababu kilikuwa na doa, na doa lilifanana na jicho.

Siku ile tulipotafuta sakafuni, nilijua kilipo. Kilikuwa kabatini kwa matroni, nusu siku kwa basi. Nilifungua mdomo mara tatu. Mara zote baba alikuwa akisema, "Ni mimi, ni mkono wangu," na nikaona, Mungu anisamehe, kwamba nafasi ya mkosaji imeshajaa. Nilirudi shuleni nikaomba tochi. Matroni akasema mwisho wa muhula, mbele ya mzazi. Ningemwambia ni ya nini, angenipa palepale. Badala yake nilijaribu kufuli kwa waya, nikakamatwa, nikasugua vyoo wiki mbili. Nilipokuwa nikisugua, walikuwa wanampasua.

Tulirudi nyumbani. Baba alitoa bahasha, akakibandua kile kipande kwa ncha ya sindano, akakiweka kwenye tundu. Kiliingia bila uzi kupita. Akaibandika karatasi ile dirishani, na ile mpya kando yake, akavua futi shingoni. Alipima doa la kwanza. Alipima la pili. Alirudia la kwanza. Halafu akanipa futi mimi, nipime kwa macho yangu mazima.

Yalikuwa sawa. Halikuwa limekua hata upana wa uzi.

"Ungeniambia," alisema. Hakuinua sauti, na ni afadhali angeinua.

Mama alitokea mlangoni, akaona karatasi dirishani, akaona tundu limezibwa. Akanyoosha kidole. "Ile!" alisema, uso umejaa furaha ya kutambua kitu. "Wapi?"

Nilifungua mdomo mara ya nne.

"Kilikuwa kwenye sanduku langu," alisema baba, akiirudisha futi shingoni. "Nimekipata leo. Si nilikuambia? Mkono wangu huu."

Mama akamchapa kofi dogo begani, akacheka. Mpaka leo akimwona ameshika mkasi humtania, "Beji," na baba hucheka naye, kisha huenda uani akakaa.

Ndiyo maana nimeandika haya kwa maneno mepesi na herufi kubwa, ili yasomeke kwa kidole. Itakuchukua siku nyingi, na maskhara ya mwanzo nimeyaweka kwa kuwa sikujua namna nyingine ya kuingia. Ukifika hapa, Mama, simama.

Si Fundi. Ni mimi.